Nakshi za mihuri zaweza kusaidia mkono uliopooza

Tuseme mzazi wako aliyeko Runyenjes au Nkubu ameruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kuugua kiharusi. Anaongea, anakula, na akishikiliwa anafika hadi kwenye kiti cha barazani. Lakini mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba si wake. Mtaalamu wa tiba ya mikono yuko katika hospitali ya rufaa mjini Embu au Meru, na nauli ya watu wawili, mgonjwa na wa kumshikilia, si mchezo. Kwa hivyo anaenda kliniki mara moja kila majuma mawili. Je, siku 13 zinazosalia mkono huo hufanya nini?

Aghalabu haufanyi lolote. Wajukuu, kwa mapenzi yao, humlisha, humfunga vifungo vya shati na kumshikia kikombe. Nao mkono unazidi kusahau.

Kiharusi hutokea wakati sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama mshipa umeziba au umepasuka. Sehemu iliyokufa hairudi. Hata hivyo, sehemu zilizo jirani nayo zaweza kufunzwa kuchukua baadhi ya kazi zilizopotea, na zinafunzwa kwa kurudia tendo lenye maana mara nyingi sana. Hapa ndipo penye tatizo. Uchunguzi uliofanywa katika vituo vya Marekani na Kanada, na kuchapishwa mwaka wa 2009, uligundua kwamba hata katika vikao vilivyohusisha kazi za mkono, wagonjwa walirudia tendo mara 32 hivi kwa wastani. Wanyama wanaofanyiwa majaribio katika maabara hurudia mamia ya mara kwa siku ndipo ubongo wao uonyeshe mabadiliko.

Sasa jaribu kumwambia mzee wa miaka 68 ainue kikombe kitupu mara 100. Mara ya kumi atakuuliza kama umerukwa na akili.

Ndiposa ninapendekeza kazi ambayo wengi wenu mliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, mliifanya katika somo la Sanaa na Ufundi: kuchonga kiazi, kukichovya katika rangi na kupiga chapa safu kwa safu mpaka karatasi ijae nakshi. Kazi hii haihitaji mtu kuhesabu. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina upana wa sentimita 21 na urefu wa karibu 30. Muhuri wenye upana wa sentimita 3 huijaza kwa safu 9 za chapa 7, yaani chapa 63. Karatasi moja tayari imekaribia maradufu ya zile mara 32, na mgonjwa hataki kuiacha nusu kwa sababu nakshi isiyokamilika huudhi macho.

Tena kila chapa ni matendo kadhaa: kufikia wino, kubonyeza, kuinua, kulenga, kubonyeza tena, kisha kuachilia. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Baada ya kiharusi vidole mara nyingi hujikunja vyenyewe, na kuvifungua huwa ni taabu. Jamaa wengi humpa mgonjwa mpira aubane kutwa nzima. Mimi naona ni afadhali apewe kitu cha kushika na kukiachilia.

Vifaa havina gharama kubwa. Viazi vya Kibirichia vimejaa sokoni Meru. Kata kimoja katikati, kikaushe kwa kitambaa ili maji yake yasiharibu wino, kisha uchonge umbo rahisi, kwa mfano punje ya kahawa: duara refu lenye mstari katikati. Muhuri wa kiazi hudumu siku moja tu kabla ya kunyauka. Ukitaka wa kudumu, chukua soli ya patipati kuukuu, ukate umbo na uligandishe kwa gundi kwenye kipande cha mti. Kiganja dhaifu hushika kitu kinene kwa urahisi zaidi kuliko chembamba, na mpini mzuri kupita yote nijuao ni gunzi la mahindi. Ni jepesi, ni nene na haliteleza.

Kuchonga kufanywe na mtu mzima mwenye afya, kamwe si mgonjwa. Mkono uliopooza huenda usihisi wembe ukikata. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya kunawa wino yapimwe joto kwa mkono mzima.

Kuhusu wino, pedi za mihuri zenye wino wa maji zinafaa. Pia waweza kukoroga kijiko cha unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi, uchemshe hadi uwe uji mwepesi, kisha utie rangi ya chakula na kuumwagia kwenye sponji. Usitumie rangi ya viatu, wino unaohitaji thina, wala ule unga mweusi wa ndani ya betri uliokuwa ukipakwa ubaoni shuleni. Mvuke wa thina si wa kuvutwa chumbani, na unga wa betri haufai kukaa kwenye kucha za mtu anayekula kwa mkono.

Mgonjwa aketi wima, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, meza ikilingana na viwiko. Ikiwa mkono dhaifu hauwezi kushika kamwe, uwekwe juu ya karatasi kuizuia isisonge huku mkono mzima ukipiga chapa. Hiyo nayo ni kazi. Anzeni na dakika 15. Bega likiuma, acheni, na msimvute kwa mkono huo hata mara moja, kwani bega lililolegea huteguka upesi.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hufichua. Baadhi ya wagonjwa, hasa walioumia upande wa kulia wa ubongo, huwa hawatambui upande wa kushoto wa mambo. Macho ni mazima lakini nusu ya sahani huachwa na chakula. Ukiona nakshi zimejaa kulia na kushoto kumebaki peupe, usimkaripie kwa uzembe. Chora mstari mwekundu mzito kwenye ukingo wa kushoto, umwambie kila safu ianzie hapo, na umjulishe mtaalamu.

Mihuri haichukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu. Na mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakikwama, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na pale tu picha ya ubongo imeonyesha kwamba mshipa haukupasuka.

Andika tarehe nyuma ya kila karatasi. Zile za juma la kwanza zitakuwa na madoa na safu zilizopinda, usizitupe. Siku ya kliniki zibebe zote kwenye bahasha, umpe mtaalamu azipange mezani kwa mfuatano.