Mlio wa Masikio Si Pepo



Usiku, watu wa nyumbani wakiisha kulala, keti kidogo usikilize. Wasikia nini? Labda mawimbi ya ziwa. Labda mbwa wa jirani. Kisha kimya. Ni zawadi ya Mungu kimya hicho, nasi hatuishukuru kwa kuwa tumeizoea. Lakini wako watu katika mji wetu wa Kalemie ambao kwao kimya hakipo tena.

Kijana mmoja aliletwa hospitalini na mama yake. Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Kwa miezi mitatu masikio yake yalikuwa yakilia kama filimbi, mchana na usiku, wala hapakuwa na mtu mwingine aliyeisikia filimbi hiyo. Usingizi ulimtoroka. Jamaa zake walisema ni pepo. Wakamfungisha chakula siku tatu, wakamwombea kwa kipaza sauti, na bafle imewekwa karibu na kichwa chake. Mlio ukazidi. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mganga, mtoto wangu amerogwa?”

Nikamjibu, “Hapana, mama. Ameumia.”

Jeraha lake halitoki damu, wala halionekani kwa macho, lakini ni jeraha kweli. Wewe uliyepata kunywa kwinini kwa homa ya malaria wajua mlio huo. Je, ulisema umeingiwa na pepo? Hukusema hivyo, ulijua ni dawa, na dawa ilipoisha mlio nao mara nyingi ukaisha. Kelele nyingi nazo huliumiza sikio namna hiyo, ila mlio wake huenda usiondoke.

SIKIO LILIVYOUMBWA

Sauti huingia katika tundu la sikio na kugonga kiwambo chembamba, kama mkono ugongavyo ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna vijifupa vitatu, vidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Hivyo hupeleka mtikisiko ndani, mahali palipozungushwa kama nyumba ya konokono. Humo mna maji, na katika maji hayo mna chembe hai zenye vinywele, kama 15,000 kwa kila sikio. Vinywele vikitikisika, chembe hizo hupeleka habari kwenye ubongo. Ndivyo unavyosikia.

Fikiri majani ya njia iendayo ziwani. Mtu mmoja akipita, majani huinama, kisha huinuka. Wakipita watu mia kila siku, majani hufa, njia hubaki udongo mtupu. Vivyo hivyo na vinywele vya sikio. Baada ya kelele za jioni moja masikio huwa mazito, nawe asubuhi waona yamepona. Lakini kelele zikirudi tena na tena, chembe hufa. Majani ya njiani huota tena mvua ikinyesha. Chembe hizi kwa mwanadamu hazioti tena. Hakuna sindano wala kidonge cha kuzirudisha.

Basi mlio watoka wapi? Ubongo ukikosa habari kutoka kwa chembe zilizokufa, waanza kujitengenezea sauti wenyewe. Hiyo ndiyo filimbi ya yule kijana.

MFANO WA WAPIGA METAL

Huko Ulaya na Marekani kuna muziki uitwao metal, wenye magitaa ya umeme na ngoma za nguvu, na wapenzi wake husimama mbele kabisa karibu na vipaza sauti. Umefika na Afrika Mashariki pia: mjini Nairobi vijana wawili walianzisha kundi la Duma mwaka 2019, wakachanganya metal na kelele za mashine. Katika maonyesho ya muziki huu sauti mara nyingi hupita desibeli 100. Desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60.

Lars Ulrich ni mpiga ngoma wa kundi la Metallica, lililoanzishwa Marekani mwaka 1981. Miaka ya kwanza alipiga bila kuzuia masikio. Baadaye alisimulia kwamba aliamka usiku ili kuzima televisheni, akakuta haijawashwa. Sauti ilikuwa ndani ya masikio yake mwenyewe. Tangu hapo ameyakinga, akawashauri vijana wafanye vivyo, lakini mlio aliokwisha kuupata haukumwacha.

Huenda wasema, “Huo ni muziki wa dunia, sisi twaimba tenzi.” Ndugu, sikio halijui maneno ya wimbo. Halijui kama desibeli 100 zatoka baa au zatoka madhabahuni. Bafle ya kanisa yaweza kuua chembe zile zile.

KIASI GANI CHATOSHA?

Mafundi wa usalama kazini wamepima hivi: mtu aweza kukaa katika desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Sauti ikiongezeka desibeli 3 tu, muda wapungua nusu. Kwa 88 ni saa 4. Kwa 100 ni dakika 15 tu. Nasi ibada zetu ni za saa ngapi? Na mikesha je?

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni kwa majumba ya muziki: wastani wa sauti usipite desibeli 100, na pawepo mahali pa kimya watu wapumzishe masikio.

Huna kipimo? Tumia hiki. Mtu akisimama mbali nawe kwa urefu wa mkono, nawe huna budi kupaza sauti ili akusikie, kelele ni nyingi mno.

UFANYE NINI?

1. Geuza bafle zisielekee watu wa karibu, na uziinue juu ya vichwa. Watoto wachanga na wazee wasiketi mbele yake.

2. Mpiga ngoma, mpiga gitaa, na wewe usimamiaye sauti, tumieni vizibo vya masikio vya sponji. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu, kitie ndani, ukishike mpaka kijae. Pamba husaidia kidogo sana.

3. Pumzisha masikio. Toka nje mara kwa mara. Baada ya mkesha usivae tena spika za simu masikioni.

4. Wachomelea vyuma, mafundi wa reli, wasaga unga, nanyi mambo ni hayo hayo.

5. Usitie mafuta, maji ya majani wala kijiti sikioni. Chembe zilizokufa hazifikiwi na vitu hivyo, nawe waweza kupasua kiwambo.

6. Ukipewa dawa hospitalini nawe una mlio, sema. Kwinini, gentamisini, streptomisini na aspirini nyingi zaweza kudhuru masikio. Lakini usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe.

UJE HOSPITALINI UPESI kama sikio limezibika ghafula kwa siku moja. Kama mlio uko upande mmoja tu. Kama wapiga pamoja na moyo. Kama una kizunguzungu, au usaha watoka. Uziwi wa ghafula una dawa iwezayo kusaidia katika siku za kwanza. Usingoje wiki.

Na wewe ambaye mlio umekwisha kukaa kwako, usikate tamaa. Ubongo hujifunza kuuzoea, hata siku nyingi zapita hukuukumbuka. Kimya kitupu huukuza, kwa hiyo wakati wa kulala fungua dirisha usikie mawimbi ya ziwa, au weka redio chini kabisa. Yule kijana alifanya hivyo. Filimbi haijaondoka, lakini usingizi umerudi. Naye sasa apiga gitaa akiwa na vizibo masikioni, na bafle ya kwaya imegeuzwa.

Wazee wa kanisa, nasema nanyi kwa heshima. Zaburi ya 150 yatuita tumsifu Mungu kwa ngoma na matoazi, nasi tusiziache. Bali kumbukeni Eliya mlimani, 1 Wafalme 19. Upepo ulipita, na tetemeko, na moto, na Bwana hakuwamo. Baada yake ikaja sauti ndogo, naye Eliya aliisikia kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazima. Mtoto wa miaka sita aliyeketi leo mbele ya bafle, atakapokuwa mzee atahitaji kuisikia sauti ndogo hiyo. Jumapili ijayo, kabla ya wimbo wa kwanza, mtu mmoja na ainuke apunguze sauti.