Mahindi na Maharagwe: Chakula cha Akiba Chenye Kutosha

Watu wengi hudhani kwamba mtu apikaye mahindi na maharagwe hupika hivyo kwa sababu hana fedha za kununua chakula kingine. Mgeni akija, mama wa nyumba huona haya kumwandalia chakula hicho, naye humtuma mtoto dukani akanunue mkate mweupe na sukari. Fedha zilizokuwa za mafuta ya taa au daftari la shule huondoka hivyo, na mgeni mwenyewe baada ya saa mbili ana njaa tena.

Dhana hii si ya haki. Chungu cha mahindi na maharagwe, kikipikwa kwa maarifa, chaweza kushinda vyakula vingi vya bei kubwa. Na nyumba ijuayo kukipika vema hupata faida tatu: afya ya watoto, akiba ya fedha na kuni, na moyo uliotulia. Makala haya yaeleza jinsi faida hizo zinavyopatikana.

CHAKULA CHENYE MAJINA MENGI

Katika Kenya chakula hiki chajulikana kwa majina mbalimbali. Wagikuyu hukiita githeri, Wakamba hukiita isyo, na Waluo hukiita nyoyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, huitwa makande. Kwa kuwa kina jina la nyumbani karibu kila mahali, ni rahisi kufikiri kwamba kilikuwapo tangu zamani za kale. Sivyo. Mahindi na maharagwe ya kawaida asili yake ni Amerika. Mahindi yalifika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, wakati wa Wareno. Kabla ya hapo watu walitegemea mtama, wimbi na kunde. Basi wazee hawakukikataa kitu kwa sababu ni kigeni, wala hawakukipokea kwa sababu ni kigeni. Walikijaribu, wakakiona chafaa, wakakifanya chao. Hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye busara katika mambo ya jikoni hata leo.

KWA NINI VIWILI HIVI VIPIKWE PAMOJA

Mwili wahitaji vyakula vya namna tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kuulinda na magonjwa. Mahindi hasa ni chakula cha kutia nguvu. Maharagwe hutia nguvu na pia hujenga mwili, kwa maana yana protini nyingi.

Protini yaweza kufananishwa na ukuta uliojengwa kwa matofali ya namna mbalimbali. Namna moja ikipungua, fundi hawezi kuendelea, hata kama matofali mengine yamejaa uani. Mahindi yana upungufu wa tofali moja liitwalo laisini, ambalo maharagwe yanalo kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa tofali jingine liitwalo methionini, ambalo mahindi yanalo. Kila kimoja peke yake kina kasoro. Vikiliwa pamoja, kimoja hujaza pengo la mwenzake. Vibaba viwili vya mahindi kwa kibaba kimoja cha maharagwe ni mchanganyiko unaofaa.

Jambo hili si dogo, hasa kwa watoto. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto wadogo waliolishwa zaidi chakula cha mahindi. Miguu yao ilivimba, ngozi ikabambuka, na wengi wakafa. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina lililotumiwa na wenyeji, kwashiorkor, lenye maana ya ugonjwa umpatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Kwa Kiswahili huitwa unyafuzi. Siku hizi wataalamu waona kwamba ugonjwa huu una sababu zaidi ya moja, lakini wote wakubali kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa uji mtupu kila siku yumo katika hatari.

Kwa hiyo katika kugawa chakula, mtoto mdogo asisahauliwe. Katika nyumba nyingi maharagwe mengi huingia katika sahani ya baba na ya mgeni, na mtoto hupewa mahindi yaliyobaki chini ya chungu. Mtu mzima amekwisha kua. Mtoto ndiye anayejengwa. Tena mtoto mdogo asipewe punje nzima, maana zaweza kumpalia. Maharagwe yake yapondwe vizuri pamoja na viazi na mboga za majani mpaka yawe laini.

KUPUNGUZA KUNI NA MAKAA

Watu wengine hukiacha chakula hiki kwa kuwa chatumia kuni nyingi. Ni kweli kwamba mahindi makavu na maharagwe makavu hayaivi upesi. Lakini sehemu kubwa ya moto hupotea bure kwa kutojua. Mambo manne yafuatayo husaidia sana.

Kwanza, yachaguliwe na kulowekwa. Punje zilizooza, zenye ukungu na mawe ziondolewe, kisha mahindi na maharagwe yalowekwe usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi maji hayo yamwagwe, na mengine safi yatiwe. Punje iliyokwisha kunywa maji huiva kwa muda mfupi zaidi, na maharagwe yaliyolowekwa hayasumbui tumbo sana.

Pili, chungu kifunikwe. Mvuke unaotoka juu ya sufuria wazi ni kuni zinazopaa hewani.

Tatu, maji yakisha kuchemka, moto upunguzwe. Wapishi wengi hufikiri kwamba maji yanayoruka kwa nguvu huivisha upesi kuliko yanayochemka polepole. Sivyo, kwa sababu maji yakifika kiwango chake cha kuchemka hayazidi joto hata yakiongezewa moto. Huongeza mvuke tu. Katika Mombasa kiwango hicho ni digrii 100. Katika Nairobi, penye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji huchemka penye digrii 95 hivi. Hii ndiyo sababu maharagwe yale yale huchelewa kuiva katika nyanda za juu kuliko pwani; si kosa la mpishi.

Nne, jiko liwe zuri. Mafiga matatu ya mawe huacha joto lipotee pande zote, na moshi wake huumiza macho na kifua cha mama na mtoto. Jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, ambalo lilienea katika Kenya tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko jiko la zamani la bati tupu.

Wengine hutia magadi ili punje zilainike upesi. Ni kweli hulainika, lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini B1 iliyomo katika chakula. Kuloweka ni bora, nako hakugharimu kitu.

KAPU LA KUPIKIA

Kuna maarifa mengine yanayowafaa watu wa shamba na wa mji pia, nayo ni kapu la kupikia. Kapu hili halina moto. Kazi yake ni kuzuia joto lililokwisha kuingia chunguni lisitoroke, kama blanketi linavyozuia joto la mtu usiku.

Litafutwe kapu kubwa la ukindu au sanduku la mbao. Ndani yake yapangwe majani makavu, au pamba, au matambara ya zamani yaliyo safi, kwa unene wa kiganja cha mkono, chini na pande zote, pakiachwa nafasi katikati ya kuingiza sufuria barabara. Ushonwe na mto wa kufunika juu. Chakula kikisha kuchemka sana, sufuria pamoja na kifuniko chake iingizwe upesi, ifunikwe kwa mto, na kapu lisifunguliwe kwa muda wa saa nne au tano. Mama aweza kwenda shambani au sokoni, na chakula kitaendelea kuiva bila mtu wa kuchochea moto. Mahindi ni magumu kuliko maharagwe, basi akirudi huenda ikamlazimu kukichemsha tena kidogo.

Lakini hapa pana onyo kubwa. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili. Sumu hiyo huharibiwa kwa kuchemshwa kweli kweli. Joto la vuguvugu haliiondoi. Kwa hiyo maharagwe yakisha kulowekwa na maji ya kulowekea kumwagwa, lazima yachemke kwa nguvu si chini ya nusu saa kabla ya kuingizwa kapuni. Mtu asiyefanya hivyo aweza kuwatapisha na kuwaharisha watu wa nyumbani mwake wote. Tena chakula kikitoka kapuni kiliwe kingali moto, au kichemshwe upya, maana vijidudu hupenda chakula kilichokaa na uvuguvugu.

MBOGA, LIMAU NA CHAI

Mahindi na maharagwe hayajatosha bila chakula cha kulinda mwili. Nacho kipo karibu na mlango: mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu, na sukuma wiki, mboga ambayo jina lake lenyewe laonyesha kwamba watu wameitegemea kuisukuma wiki mpaka fedha zipatikane. Mboga zisichemshwe muda mrefu na maji yake kumwagwa, kwa kuwa vitamini nyingi huondoka na maji hayo. Zikatwe baada ya kuoshwa, zipikwe kwa maji machache, na mafuta kidogo yatiwe, maana mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A.

Maharagwe yana madini ya chuma, ambayo ni ya lazima kwa damu, hasa damu ya mama mwenye mimba. Lakini chuma hicho hakipokelewi na mwili kwa urahisi. Kipande cha limau, nyanya mbichi au chungwa likiliwa pamoja na chakula husaidia sana. Chai nayo hufanya kinyume. Huzuia chuma kisiingie mwilini. Si lazima mtu aache chai yake, ila ni vema ainywe saa moja au mbili baada ya kula, si pamoja na chakula.

AKIBA ISIYOTUNZWA NI HATARI

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichojaa chahitaji kulindwa. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mahindi hayo yaliwekwa ghalani yakiwa hayajakauka vema. Sumu hii haionekani kwa macho sikuzote, na kuipika hakuiondoi. Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, yakauke barabara, magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, na mahindi yenye ukungu yasiliwe na watu, wala yasipewe mifugo. Hasara ya gunia moja yauma, lakini haifanani na hasara ya mtoto mmoja.

KURIDHIKA SI KUKATA TAMAA

Pengine msomaji atauliza: Je, mtu mwenye njaa aambiwe aridhike? Hasha. Kuridhika si kuukubali umaskini wala kuacha kutafuta mshahara mzuri, shamba lililo bora au shule ya watoto. Mtu asiye na chakula hana cha kuridhika nacho, na jirani mwema hamhubirii bali humgawia.

Maneno haya yawahusu wale walio nacho cha kutosha, lakini hawakioni. Kuna mtu wa mjini apokeaye mshahara, ambaye wiki ya kwanza hula nyama kila siku ili majirani wasikie harufu, na wiki ya nne hukopa unga. Kuna na mwenzake wa mshahara ule ule, ambaye huloweka maharagwe yake kila jioni, hununua nyama Jumamosi, na mwisho wa mwezi hana deni dukani. Tofauti yao si fedha. Mmoja humpikia jirani anayemtazama. Mwingine huwapikia watoto wake.

Chakula cha kila siku kina furaha yake kwa mtu asiyekidharau. Maharagwe yaliyoiva hata yakawa laini, kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta kidogo, chumvi ya kiasi, mboga iliyochumwa jioni ile ile, na watu wa nyumba moja wameketi pamoja wakizungumza habari za siku: hayo hayauzwi dukani, na mwenye fedha nyingi aweza kuyakosa. Nyumba iliyokula ikashiba, isiyo na deni, na iliyobakiza kibaba kimoja cha kesho, hulala usingizi mzuri. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.