Mchango wa Kisiasa: Sadaka au Biashara?

Neno 'mchango' linatokana na kitenzi 'changa'. Katika jamii yetu, neno hili huibua taswira ya watu wanaotoa kidogo kidogo kwa manufaa ya wote. Katika siasa, hata hivyo, neno lilo hilo laweza kusitiri biashara. Makala haya yanafafanua ni kwa nini baadhi ya sheria huwawekea mipaka wafadhili wa aina mbili, yaani wanakandarasi wa serikali na washawishi, na kuonyesha kwamba wawili hawa hawafai kutiwa katika kapu moja.

Mwanakandarasi hulipwa na serikali kwa kuijengea, kuiuzia bidhaa au kuitolea huduma. Mshawishi naye hulipwa na mteja ili awaendee wabunge na maafisa kuwarai kuhusu sheria. Wa kwanza anatafuta zabuni. Wa pili anatafuta sikio.

Nchini Marekani, wanakandarasi wa serikali kuu walipigwa marufuku kuchangia kampeni za kitaifa mwaka wa 1940. Katika kesi ya Wagner ya mwaka wa 2015, majaji 11 wa mahakama ya rufaa ya Washington waliidhinisha marufuku hiyo kwa kauli moja. Hata hivyo, sheria hiyo ina mwanya: huizuia kampuni, ilhali wakurugenzi wake huweza kutoa fedha zao binafsi.

Jimbo la Connecticut lilijaribu kuuziba mwanya huo. Gavana wake, John Rowland, alijiuzulu mwaka wa 2004 baada ya kubainika kwamba alikuwa amepokea fadhila, zikiwemo kutoka kwa wanakandarasi wa jimbo. Mwaka uliofuata alifungwa gerezani. Mwaka uo huo wa 2005, jimbo lilipitisha sheria iliyowazuia kuchanga wanakandarasi, wakuu wa kampuni zao, wake au waume wao na watoto wanaowategemea. Washawishi nao walizuiwa vivyo hivyo.

Sheria hiyo ilipofikishwa mahakamani, uamuzi wa rufaa wa mwaka wa 2010 uliigawa. Marufuku dhidi ya wanakandarasi ilidumishwa, kwa kuwa kashfa zenyewe ziliwahusu wao. Marufuku dhidi ya michango ya washawishi ilibatilishwa: hawakuwa wamehusika katika kashfa hizo, na kuchanga ni njia mojawapo ya raia kujieleza. Yamkini kuwawekea kiwango cha juu kungetosha, badala ya kuwaziba vinywa kabisa.

Mantiki hii ina uzito. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Mwanakandarasi anayechanga leo huenda akarejeshewa kesho kupitia zabuni iliyoongezwa bei, na mlipaji ni mwananchi ambaye hakuwapo walipopatana.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa mwaka wa 2013. Kanuni za kuitekeleza, zilizoweka viwango vya matumizi, zilikataliwa na Bunge la Taifa mwaka wa 2021, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila viwango hivyo. Ni bayana, basi, kwamba sheria isiyo na kanuni ni upanga ulio alani. Nasi wanafunzi wa lugha tuna wajibu wetu: kila tusikiapo 'mchango', tuulize anayetoa ni nani, na anatarajia nini.