Hati Fungani, Riba na Mwekezaji Mdogo

Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi, imani ya wawekezaji wadogo wa Kenya, na kwa kiasi fulani wale wa Tanzania, imekuwa ikihama kutoka katika hisa za makampuni na kuelekea katika madeni ya serikali, yaani hati fungani, ambazo Wakenya wengi huziita bondi, pamoja na dhamana za muda mfupi na mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayozinunua kwa niaba ya watu wengi. Uhamaji huo una sababu zake, wala si za kupuuzwa. Hata hivyo, umejengwa juu ya dhana ya usalama inayochanganya mambo mawili yaliyo tofauti: hakika ya kulipwa, na thamani ya kile kilichonunuliwa siku mwenyewe atakapotaka kukiuza. Mabadiliko ya riba ya mwaka 2024 na 2025 yameyatenganisha mambo hayo mawili mbele ya macho ya kila mwenye akiba.

Chanzo cha uhamaji huo hakiwezi kuelezwa bila kurejea mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipouza kwa umma hisa bilioni 10 za Safaricom, sawa na robo ya kampuni, kwa bei ya shilingi 5 kila moja. Zaidi ya watu 800,000 walijitokeza, wengine wakiwa na fedha za kukopa benki, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tano, hivyo wengi walipata sehemu ndogo tu ya walichokiomba huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa. Bei ikashuka chini ya shilingi 3 mwanzoni mwa 2009, na kwa sehemu kubwa ya miaka kadhaa ikakaa chini ya 5. Aliyevumilia hadi 2021 aliiona ikipita shilingi 40, mbali na gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa kila mwaka. Lakini waliovumilia walikuwa wachache, na mwishoni mwa 2023 bei hiyo hiyo ilikuwa imeporomoka tena chini ya shilingi 15. Tanzania ilipata somo la aina yake mwaka 2017, sheria ilipoyataka makampuni ya simu yauze robo ya hisa zake kwa umma: Vodacom Tanzania ilikusanya shilingi bilioni 476 kwa bei ya 850 kwa hisa, na baadaye bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ikateremka chini ya ile ya kuuzia. Aliyeungua mara moja kwa namna hiyo hahitaji kushawishiwa sana akiambiwa kwamba serikali italipa riba inayojulikana, kwa tarehe inayojulikana.

Hati fungani ni mkataba wa mkopo ambamo mnunuzi ndiye mkopeshaji. Serikali hupokea fedha leo, huahidi kulipa riba maalumu, kwa kawaida kila baada ya miezi sita, na kurudisha fedha zote muda wa mkataba unapokwisha, ambao huweza kuwa miaka miwili au hata ishirini na mitano. Mikopo ya chini ya mwaka mmoja ndiyo dhamana za muda mfupi. Hizo hazina riba inayolipwa kando, bali huuzwa kwa bei pungufu na kulipwa kwa bei kamili, na tofauti hiyo ndiyo faida ya mnunuzi. Benki Kuu huziuza kwa mnada, yaani wakopeshaji wakubwa hutaja riba wanayoitaka na serikali huchagua ya kuikubali, wakati mwekezaji mdogo huchukua wastani uliopatikana. Tanzania, mwenye shilingi milioni moja anaweza kushiriki mnada wa hati fungani. Kenya, kiwango cha chini cha kawaida ni shilingi 50,000, na tangu 2023 maombi hufanyika kwa simu kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD.

Jambo ambalo wauzaji huwa hawalirudii mara nyingi ni kwamba riba ya hati haibadiliki, lakini bei ya hati yenyewe hubadilika kila siku katika soko la upili, yaani soko ambamo wenye hati huuziana wao kwa wao kabla ya muda wake kwisha. Hali hiyo haina tofauti na nyumba iliyokwisha kupangishwa kwa mkataba mrefu: ikiwa kodi za mtaa zimepanda baada ya mkataba kutiwa sahihi, hakuna atakayeinunua kwa bei ya jirani yake. Hati ya miaka kumi inayolipa asilimia 12 kwa mwaka itauzwa kwa shilingi 85 hivi kwa kila shilingi 100 endapo hati mpya zinatoa asilimia 15, na kwa takribani shilingi 119 endapo hati mpya zinatoa asilimia 9, wala serikali haijavunja ahadi yake kwa namna yoyote. Mwezi Machi 2023, Silicon Valley Bank ya Marekani ilianguka ikiwa na shehena ya dhamana za serikali na nyingine zilizohesabiwa kuwa salama kabisa, kwa sababu Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4 katika mwaka mmoja, bei za dhamana hizo zikashuka, na waweka akiba wakadai fedha zao kabla ya muda wa dhamana kufika.

Kwa Kenya, kilele cha hamu ya bondi kilikuwa Februari 2024. Serikali iliomba shilingi bilioni 70 kwa hati ya miundombinu ya miaka minane na nusu, ikaletewa zaidi ya bilioni 288, na ikachukua karibu bilioni 241 kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi, wakati mfumuko wa bei ulikuwa kati ya asilimia 6 na 7. Wengi waliisifu riba hiyo kama ukarimu, na hapo ndipo hesabu yao ilipokosea, kwa maana hakuna serikali inayokopa kwa kiwango hicho ikiwa na njia nyingine. Deni la dola bilioni 2 lililokopwa katika soko la kimataifa lilikuwa likikaribia kudaiwa Juni mwaka huo, shilingi ilikuwa imedhoofika hadi karibu 160 kwa dola, na masoko yalijiuliza kama Kenya ingeweza kulipa. Asilimia 18.46, basi, ilikuwa bei ya hofu. Mwezi huo huo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nje ya nchi ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani, hofu ikapungua, shilingi ikaimarika hadi takribani 130, na Benki Kuu, iliyokuwa imefikisha riba yake elekezi asilimia 13, ikaanza kuipunguza Agosti 2024 hadi ikawa chini ya asilimia 10 kufikia katikati ya 2025. Dhamana za siku 91, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16, zikalipa karibu nusu ya hapo.

Walioshika hati ya Februari 2024 walijikuta na mali ambayo bei yake imepanda. Hali ikawa nyingine kwa walioweka fedha katika mifuko ya soko la fedha, ambayo hukusanya michango ya watu wengi na kuiweka katika dhamana za muda mfupi na amana za benki: kwa kuwa dhamana hizo hukoma na kununuliwa upya kila baada ya miezi michache, faida ya mifuko hiyo hufuata riba ya soko kwa karibu, ikipanda nayo na kushuka nayo, jambo ambalo matangazo ya wakati wa neema hayakulitilia mkazo.

Tanzania ilipitia mshuko kama huo mapema zaidi na kwa utulivu zaidi. Mwaka 2022 riba ya hati mpya za miaka 20 ilipunguzwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56, na mara hiyo hati za zamani zikawa na thamani ambayo wenyewe hawakuitarajia. Wasio na milioni moja wana UTT AMIS, taasisi ya umma ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005, na ambayo leo ina mifuko kadhaa, ukiwamo ule wa hati fungani.

Inabaki hatari ambayo ni nadra, lakini si ya kubuni. Desemba 2022, Serikali ya Ghana iliwataka wenye hati za ndani wazibadilishe kwa hati mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na mwaka uliofuata wastaafu walikusanyika mbele ya Wizara ya Fedha mjini Accra wakidai fedha zao zisiguswe. Walikubaliwa kutoguswa, lakini baada ya kudai, si kwa nguvu ya mkataba peke yake.

Kuna pia gharama ambayo haionekani katika taarifa ya akaunti ya mwekezaji yeyote. Benki inayoweza kupata asilimia 16 kutoka kwa serikali, bila kuchunguza hesabu za mtu wala kufukuzana na mdaiwa, haina haraka ya kumkopesha mwenye karakana ya Gikomba au msindikaji wa alizeti wa Singida, au itamkopesha kwa riba ambayo biashara yake haiwezi kuibeba. Kushuka kwa riba kunakomnyima mwenye akiba faida ya kulala ndiko kunakoweza kumfungulia mlango mkopaji huyo, na bei za hisa za Nairobi, zilizopanda mwaka 2024 na 2025, zimeanza kuuhesabia uwezekano huo. Agosti 2025 soko hilo liliondoa sharti la zamani la kununua hisa mia kwa mkupuo, hivyo mtu anaweza kununua hata hisa moja. Mwenye hati ya asilimia 18.46 ya shilingi 100,000 alianza kwa kupokea shilingi 9,230 kwa nusu mwaka, riba ambayo hakuna mnada wa 2025 ulioikaribia, na kila malipo hayo yanapoingia humlazimu kuchagua upya: ayaweke katika dhamana ambazo kufikia 2025 zililipa karibu asilimia 8, au ayarudishe katika soko la hisa alilolihama.