Wa Kuigwa Yuko Umbali Gani?

Kijana wa Manyamanyama, mjini Bunda, anayejiandaa kwenda chuo kikuu hakosi mifano ya watu waliosoma wakafika mbali. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akapitia Makerere na Edinburgh. Joseph Warioba, mwana wa Bunda, alisomea sheria Dar es Salaam, akawa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Mtu akiulizwa majina makubwa ya Mkoa wa Mara, hutaja wanasiasa, wanasheria na wanajeshi. Mhitimu aliyefungua kiwanda hatajwi kirahisi.

Historia ina mkono wake hapo. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, na masharti hayo yakalegezwa kwa uamuzi uliopitishwa Zanzibar mwaka 1991. Azimio lilikuwa na sababu zake, tena nzito. Ila kwa miaka 24 msomi wa kuheshimiwa alikuwa yule aliyekaa mbali na biashara, na wazazi wengi wa wanafunzi wa leo walilelewa katika hewa hiyo.

Je, dawa ni kuwapa vijana habari za mabilionea? Mwaka 1997 Penelope Lockwood na Ziva Kunda walichapisha utafiti wa Kanada ambamo wanafunzi wa uhasibu walisomeshwa habari za mwenzao wa mwaka wa nne aliyefanya makubwa. Wa mwaka wa kwanza walipata ari, maana muda wa kumfikia walikuwa nao. Wa mwaka wa nne hawakupata ari hiyo. Kwao muda ulikuwa umekwisha.

Ndiyo maana mfanyabiashara tajiri Said Salim Bakhresa, aliyeacha shule angali kijana mdogo, husisimua ukumbi kuliko anavyomwonyesha mwanachuo pa kuanzia. Reginald Mengi anamfaa zaidi: alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, na alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Kwa bahati mbaya, wanaomsimulia hurukia utajiri na kuzipita zile kalamu.

Walio karibu zaidi wapo mialoni Musoma. Mama anayeanika dagaa anajua bei ya gunia, nauli ya lori, msimu wa mvua unaoharibu mzigo, na mnunuzi wa Kongo asiyelipa kwa wakati. Faida yake humlipia mtoto ada, kisha mtoto huyo huambiwa asome sana ili asije akaishia mwaloni. Somo linafutwa na mwalimu mwenyewe!

Butiama sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Wahadhiri wake wawaite akina mama hao darasani, waje na madaftari yao, na wanafunzi waanze kwa kuwauliza mwaka waliopata hasara walifanyaje.