Majani yanaua kuvu ya ngozi, lakini hayafiki kila mahali

Kitunguu saumu, mchaichai na umuravumba vina ndani yake dawa halisi dhidi ya kuvu, ule ugonjwa ambao wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo huuita « shampinyo ». Wataalamu wamezitambua dawa hizo katika maabara, na baadhi yake zimekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa. Lakini mahali kuvu ilipojificha mwilini ndipo panapoamua kama jani litamponya mgonjwa au litamchelewesha.

Mmea hujitengenezea dawa yake

Wakulima wanaijua kuvu vizuri. Ndiyo iliyonyausha mashamba ya kahawa aina ya robusta kaskazini-mashariki mwa Kongo, na ndiyo inayoleta kutu ya majani ya kahawa. Kwa kuwa mmea hauwezi kukimbia adui yake, hutengeneza sumu ya kujikinga na kuiweka katika majani, maganda au mizizi. Mara nyingi harufu kali ya jani ni dalili ya sumu hiyo.

Seli ya kuvu imezungukwa na utando wenye mafuta yaitwayo ergosteroli, ambayo mwili wa mtu hauna. Dawa za famasi kama klotrimazoli na flukonazoli huzuia kuvu kutengeneza mafuta hayo. Sitrali, inayopatikana katika mchaichai ambao wengi hapa huita sitroneli, huharibu utando huo hadi seli ya kuvu inavuja na kufa.

Tofauti kati ya seli ya kuvu na seli ya mtu ni ndogo kuliko ile iliyopo kati ya mtu na bakteria. Kwa sababu hiyo ni vigumu kupata dawa inayoua kuvu bila kumdhuru mgonjwa, na aina za dawa zilizopo ni chache. Mwezi wa Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kutafitiwa kwa haraka. Huko India, aina moja ya kuvu ya ngozi tayari inashindana na terbinafini, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi.

Mimea mitatu iliyochunguzwa

Umuravumba, unaopandwa karibu na nyumba katika Rwanda na nchi jirani, umechunguzwa huko Butare. Mwaka 1986, kundi la watafiti lililokuwa na mkemia Luc Van Puyvelde lilieleza kwamba limetenga katika majani yake dawa inayozuia bakteria na kuvu kadhaa. Kazi hiyo ilifanyika katika maabara. Kuua kuvu ndani ya chupa bado si kumponya mtu.

Mmea wa pili una maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa. Kwa Kifaransa unaitwa dartrier, jina linalotokana na neno la magonjwa ya ngozi, dartre. Asili yake ni Amerika, lakini leo umeenea katika nchi nyingi za joto barani Afrika. Majani yake yana krisofanoli na emodini, zinazopambana na kuvu. Nchini Ufilipino, serikali iliuweka kati ya mimea 10 ya dawa inayoikubali, na losheni yake hutengenezwa kwa kipimo maalum. Ni dawa ya kupakaa tu: ukinywewa, huharisha.

Wa tatu ni kitunguu saumu. Kinaposagwa hutoa alisini, ambayo baadaye hugeuka na kuwa ajoene. Mwaka 1996, watafiti wa Venezuela walipaka krimu ya ajoene kwa wagonjwa 34 wenye kuvu ya miguuni. Baada ya siku 7, wagonjwa 27 walikuwa wamepona. 7 waliobaki walipona baada ya siku 7 nyingine. Katika jaribio jingine kwa askari wa nchi hiyo, krimu yenye asilimia moja ya ajoene haikushindwa na terbinafini.

Hiyo ilikuwa krimu iliyopimwa, si kitunguu kibichi. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwenye ngozi kinaweza kuichoma kama moto, na watoto ndio huumia zaidi.

Mahali ambapo jani halifiki

Dawa ya kupakaa huua kuvu inayoigusa. Doa la mviringo mkononi au ngozi inayochunika kati ya vidole vya miguu vinaweza kupona kwa kupakwa. Mapunye ya kichwa, yanayowapata sana watoto wa shule, ni jambo jingine. Kuvu yake huishi ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, mahali ambapo maji ya majani wala pomada haviwezi kufika vya kutosha. Mtoto huyo anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8. Akicheleweshwa, anaweza kubaki na kovu ambalo nywele hazioti tena. Chanuo na mashine ya kunyolea zisafishwe vizuri, la sivyo ataambukizwa tena.

Kucha zilizonenepa na kubadilika rangi nazo huhitaji tiba ndefu. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima unaweza kuwa ishara ya virusi vya UKIMWI na unahitaji kupimwa. Kwa mtu mwenye virusi hivyo, maumivu makali ya kichwa pamoja na homa yanaweza kuwa kuvu iliyofika kwenye ubongo. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Pomada inayodanganya

Hatari nyingine iko sokoni. Pomada nyingi zinazouzwa bila kuandikiwa na daktari, zikiwemo zile za kujichubua, zina dawa kali kama klobetasoli. Ukiipaka juu ya kuvu, mwasho hutulia na wekundu hupungua, na mtu hudhani amepona. Kumbe nguvu ya ngozi ya kujikinga imeshushwa, na kuvu inaendelea kutambaa. Baadaye doa huenea bila umbo lake la kawaida, hata muuguzi hushindwa kulitambua kwa haraka.

Kabla ya kununua, soma majina yaliyoandikwa kwenye boksi: klobetasoli na betametasoni si dawa za kuvu. Na kama doa limepakwa dawa kwa wiki mbili bila kupungua, au liko kichwani mwa mtoto, safari inayofuata iwe ya kituo cha afya.