Kahawa ya Wakorsika katika Milima ya Yauco

Katika pembe ya kusini magharibi ya kisiwa cha Puerto Rico, kwenye bahari ya Karibi, uko mji wa Yauco, ulioasisiwa mwaka 1756, ambao hata leo hujulikana kuwa ni mji wa kahawa. Kisiwa hicho kilitawaliwa na Hispania kwa takriban karne nne, lakini koo nyingi zilizopata jina kwa kahawa mjini humo, kama vile Mariani, Mattei, Pietri, Negroni na Franceschi, asili yao ni Korsika, kisiwa cha milima ambacho Jamhuri ya Genoa ilikikabidhi Ufaransa mwaka 1768. Habari ya watu hao yastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwani mna ndani yake bidii ya kusifiwa, na mna dhuluma isiyofaa kufichwa.

Mwaka 1815 Mfalme Ferdinand wa Saba wa Hispania, ambaye makoloni yake ya Amerika yalikuwa yakimponyoka moja baada ya moja, alitoa amri iitwayo Cédula de Gracias, akawakaribisha Puerto Rico wageni wa madhehebu ya Kikatoliki kutoka nchi zilizokuwa na amani naye, wapewe ardhi bila ya kuinunua, kwa sharti la kula kiapo cha utii kwa mfalme na kwa Kanisa. Ardhi hiyo iligawiwa kwa hesabu ya vichwa: fungu kamili kwa kila Mzungu wa familia, na nusu ya fungu kwa kila mtumwa aliyeletwa na bwana wake, ndiyo kusema utumwa uliwekwa katika msingi wa neema ile tangu siku ya kwanza.

Akthari ya Wakorsika walioitikia mwito walitoka katika vijiji vya Cap Corse, rasi ya kaskazini yenye mizabibu na mabaharia, ambako ardhi ilikuwa haba na vijana walikuwa wengi. Aliyetangulia alimwita ndugu yake, na mjomba akamwita mpwa wake. Walipofika waliziona tambarare za pwani zimekwisha shikwa na wenye miwa, basi wakapanda milimani. Wengine walianza kwa duka mjini, wakiwakopesha wakulima wadogo kwa rehani ya mavuno yajayo. Na mavuno yalipokosekana, shamba la mdaiwa likahamia kwa mdai. Hivyo milki nyingi zilipatikana kwa daftari la madeni kabla ya kuongezwa kwa jembe.

Kazi yenyewe ilitaka subira, maana mbuni hauzai ila baada ya miaka mitatu au minne, nao ulipandwa chini ya kivuli cha miti mirefu iitwayo guaba, pamoja na migomba iliyowalisha wafanyakazi. Ilipofika msimu, wachumaji walipanda mitelemko na vikapu viunoni wakichagua tunda jekundu na kuliacha lililo bichi, na jioni kila mmoja alipimiwa alichochuma kwa kisanduku kiitwacho almud, akahesabiwa ujira wake kwa kipimo hicho. Baadaye matunda yalimenywa kwa mashine, yakavundikwa, yakaoshwa, kisha yakaanikwa juu ya sakafu pana, au katika masanduku makubwa ya mbao yenye magurudumu, ambayo wingu la mvua lilipotanda juu ya mlima yalisukumwa kwa haraka chini ya sakafu ya nyumba ya bwana, kahawa ikaanuliwa yote bila ya punje kulowa. Ukoo wa Mariani unakumbukwa kwa kuigeuza mashine ya kuchambulia pamba hata ikakoboa kahawa, na buni za Yauco zikatoka safi, zenye sura ya kupendeza wanunuzi wa Ulaya.

Lakini mikono iliyochuma haikuwa ya ukoo. Utumwa ulidumu kisiwani hadi tarehe 22 Machi 1873. Na tangu mwaka 1849, kwa amri ya gavana Juan de la Pezuela, mtu huru asiye na ardhi alilazimishwa kuajiriwa na kuchukua kijitabu kilichoandikwa kazi yake, mwenendo wake na madeni yake, wala hakuweza kumwacha bwana kwa hiari yake maadamu deni halijalipwa. Hata baada ya sheria hiyo kufutwa, mashamba mengi yaliwalipa vibarua kwa vipande vya madini visivyopokewa ila katika duka la shamba lenyewe, hata ujira ukarudi ulikotoka.

Katika miaka ya 1890 kahawa ilikuwa imeishinda sukari, ikawa bidhaa kuu ya kisiwa. Fahari hiyo haikudumu. Tarehe 25 Julai 1898 majeshi ya Marekani yalishuka Guánica, bandari iliyokuwa siku hizo sehemu ya Yauco. Na baada ya bendera kubadilika, masoko ya Hispania na Kuba yalianza kuitoza kahawa hiyo ushuru wa kigeni, ilhali Marekani, iliyoilinda sukari, iliiacha kahawa ishindane na ile ya Brazil iliyokuwa rahisi zaidi. Tarehe 8 Agosti 1899 ikaja tufani ya San Ciriaco, ikaua watu zaidi ya 3,000, ikang'oa mibuni pamoja na miti ya kivuli. Wenye mashamba wakazama katika madeni, na maelfu ya vibarua wakasafirishwa hadi Hawaii kukata miwa.

Milki zilizosalimika zilisalimika kwa umoja wa ukoo, kwani Wakorsika waliozana wao kwa wao, na ndugu akalinunua fungu la ndugu ili mirathi isisambaratike. Tufani nyingine ya mwaka 1928, na ile ya Maria ya mwaka 2017, ziliwatia warithi katika mtihani ule ule, na wapo waliopanda upya. Ustahimilivu huo ni wa kuheshimiwa kwa dhati. Hata hivyo, anayeandika tarehe ya shamba la namna hii na asome hati ya milki pamoja na kijitabu cha kibarua, kwa kuwa hati yaonyesha shamba lilikuwa la nani, na kijitabu chaonyesha lilijengwa na nani. Na mwenye kuacha kimojawapo huwa ameandika nusu ya haki.